Mama, Hesabu

Watu wa Nemba, hapa Biharamulo, watakuambia kwamba mimi, Scholastika mjane wa Celestini, ni mtu wa kushuku. Sikatai. Ukinisalimia kwa furaha kupita kiasi, nitajiuliza unataka kuazima nini. Ukinipita bila kunisalimia, nitajiuliza umeiba nini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nguo zangu nazikung'uta kila siku. Kwa hiyo wimbo wa mama yangu ulipotokea shambani kwangu, midomoni mwa watu nisiowajua, sikufikiri kwamba ni jambo zuri. Nilifikiri: hawa wamemfanya nini mwanangu?

Ilikuwa Septemba, mvua ziko njiani, na ekari zangu mbili za mahindi hazijaguswa. Mgongo wangu haunitii tena, nikaita kikundi cha kulima. Wasukuma waliohamia huku kutoka Shinyanga na Mwanza wana vikundi vya namna hiyo: watu kumi na watano hivi, ngoma mbili, filimbi moja, na kiongozi wanayemwita manju, ambaye kazi yake ni kutunga nyimbo na kuziongoza. Wanajipanga mstari mmoja, ngoma inalia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kazi ya wiki inaisha kwa siku moja. Manju wa kikundi hicho aliitwa Shibuda, mtu mfupi wa kifua kipana, mpole wa maneno. Upole wake niliutilia shaka tangu salamu ya kwanza.

Nilikuwa napeleka uji shambani, ndoo kichwani, waliposhika wimbo mpya. Maneno yalikuwa ya Kisukuma, lugha ambayo siijui zaidi ya salamu. Ngoma zilikwenda mbio. Lakini ile sauti, jinsi inavyopanda taratibu, ikashuka kidogo, kisha ikasimama, niliijua papo hapo. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Uji wa moto ukanimwagikia shingoni na sikuushughulikia.

Ulikuwa wimbo wa mama yangu. Mama alikuwa Mhangaza wa Lukole, kule Ngara, na aliutunga mwenyewe kwa Kihangaza ili kunibembeleza mimi. Nikiuleta kwa Kiswahili unasema hivi:

Kuku wameingia, lala.
Mbuzi wameingia, lala.
Ng'ombe wa jirani naye kaingia, lala.
Baba kaingia, mlango nimefunga,
iliyobaki nje ni mvua peke yake.

Ni wimbo wa polepole. Baada ya kila "lala" mama alinyamaza kidogo, akanipigapiga mgongoni, kisha akaendelea. Hawa wa Shibuda, mahali pa kile kimya cha mama, walitia jembe. Majembe yote yaliingia ardhini kwa pamoja pale pale mkono wa mama ulipokuwa ukinigusa. Nitasema ukweli, maana nimezeeka na uongo unachosha: ulikuwa mtamu kuliko wetu. Na hilo nalo liliniudhi.

Mimi niliuimba kwa mtoto mmoja tu. Nilizaa mmoja, Erasmus. Alikuwa na miaka ishirini alipoondoka, na huu ni mwaka wa saba. Aliondoka kwa sababu yangu. Kuku wangu walikuwa wakipotea, leo mmoja, kesho wawili, na banda halikuvunjwa. Erasmus alikuwa na viatu vipya. Nikaunganisha viatu na kuku. Siku jumuiya yetu ya kanisa iliposali nyumbani kwangu, majirani wamekaa na rozari mikononi, nikasimama nikamwita mwizi mbele yao wote. Akasema, "Mama, si mimi." Nikamjibu kwamba hakuna mwizi anayesema ni yeye. Akatoka. Mvua ikaanza kunyesha, nami nikatia komeo mlangoni. Aliporudi alisukuma mlango, akaniita mara mbili. Sikufungua. Asubuhi hakuwapo.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kuchota maji, nikaona shimo kwenye kichuguu karibu na kisima. Limejaa manyoya ya kuku wangu na harufu ya kicheche. Nikalifukia kwa mguu. Sikumwambia mtu. Niliungama kwa padri kwamba nina hasira, hiyo ni dhambi ndogo na kila mtu anayo. Habari ya kicheche niliibakiza tumboni.

Sasa fikiri nami. Wimbo ule haukuwa na njia ya kumfikia Shibuda isipokuwa mdomo wa mwanangu. Na mwanamume mzima haimbi wimbo wa kubembelezwa kwa watu aliokutana nao njiani. Ama hawa walikuwa ndugu zake kabisa, ama walikuwa karibu naye saa ile ambayo mtu humkumbuka mama yake, saa ya mwisho. Mimi nililishika hilo la pili.

Walipopumzika kunywa uji nikamfuata.

"Manju," nikamwambia, "wimbo wa mwisho umeutoa wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Ni wimbo wa kikundi, mama."

"Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza umetoka wapi."

"Nyimbo zinatoka kichwani, mama. Uji wako mtamu. Umetia karanga?"

Uji wangu haukuwa na karanga. Mtu anayesifu karanga ambazo hazipo ana jambo analificha.

Kisha nikaona kitu kilichonitoa jasho. Katikati ya shamba langu kuna shina la mgomba mzee ambao haujazaa mkungu miaka mingi. Kila kibarua niliyewahi kumleta huniuliza kama aung'oe, na wengine huupiga majembe bila kuuliza. Hawa walikuwa wameuzunguka. Walilima hadi pale, wakauacha na duara safi, na mmoja wao alikuwa ameubandua majani makavu. Sikuwaambia neno. Chini ya mgomba ule mama mkwe wangu alizika kitovu cha Erasmus siku kilipoanguka. Tunajua watatu: marehemu mama mkwe, mimi na Erasmus mwenyewe.

Basi walikuwa wakijua shamba ni la nani. Walikuja kwangu wakijua. Niliwalisha ugali mchana huku nikiangalia mikono yao, mmoja mmoja.

Jirani yangu wa upande wa juu ni Limi, Msukuma wa Kwimba, ambaye tumeazimana chumvi na moto kwa miaka kumi. Nilimwendea jioni ile ile.

"Ule wimbo unasema nini?"

Limi alikuwa anapeta mchele. Aliupeta zaidi kuliko ulivyohitaji. "Ni maneno ya kulima tu, dada. Lima, lima, jua kali."

"Na Shibuda mbona hataki kusema kautoa wapi?"

"Manju haulizwi hivyo. Ni sawa na kumuuliza mganga dawa yake. Wana wapinzani, dada. Ukisema wimbo umetoka wapi, kesho mwenzako kaenda kuchota hapo hapo."

Sababu ilikuwa nzuri, nzuri mno. Na nilikuwa nimeanza kuona mengine. Wimbo ule ulikuwa tayari kwenye spika za bodaboda na kwenye simu za vijana, maana kikundi kilikwenda kuurekodi Biharamulo mjini. Siku ya gulio watu waliucheza wakikunja vidole kimoja kimoja, kama wanaohesabu, na wakicheka. Nilipotokea, vidole vilishuka. Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Mara ya tatu nikajua kwamba Nemba nzima inajua jambo ambalo mimi silijui.

Kabla ya kumkamata Shibuda nilitaka kumtoa mtu mmoja kwenye orodha yangu. Huyo ni mdogo wangu Deodata, aliyebaki Lukole kwenye kiwanja cha wazazi. Yeye pia alibembelezwa kwa wimbo ule. Nikapanda gari la Ngara pale Lusahunga, na njia nzima nilikuwa namtungia kesi.

"Shikamoo dada," akasema, na kabla sijavua viatu akaniwekea kiti. Alipokaa yeye palikuwa na maharage yanaanikwa. Zamani, mama alipokuwa hai, mahema ya wakimbizi yalifika mpaka karibu na ua ule. Leo ni mihogo na maharage tu.

"Marahaba. Wimbo wa mama umemfundisha nani?"

Deodata akacheka mpaka akashika ubavu. "Wimbo wa mama? Mama mwenyewe aliwafundisha Warundi nusu ya kambi. Wewe ulikuwa umeshaolewa Nemba, hukuona. Alikuwa anauza viazi vitamu kambini huku anaimba. Kulikuwa na mama mmoja, Irakoze, akauchukua, akatia makofi, akaugeuza kuwa wimbo wa kumtoa bibi harusi. Kuku wameingia, mbuzi wameingia, binti yetu peke yake ndiye ametoka, ameingia kwa watu. Mpaka leo nenda Kabanga mpakani siku ya harusi, utausikia. Wanalia nao."

"Mama alimfanya nini huyo Irakoze?"

"Alimfanya nini? Alicheza naye."

Hilo lilinikaa vibaya. Miaka yote nilidhani wimbo ni mali ya nyumba yetu, umefungiwa ndani pamoja na vyungu. Kumbe uliwahi kuvuka mpaka na kuvaa nguo za harusi, na mwenyewe akaupigia makofi. Lakini Wasukuma hawakupita Kabanga. Nikamwambia Deodata kwamba kuna kikundi kinaulimia, na kwamba ninahofu wameupata kwa Erasmus kwa njia mbaya.

Deodata aliacha kucheka. Akaokota harage moja, akalitazama, akalirudisha.

"Erasmus alikuja hapa, dada. Mwezi ule ule alioondoka kwako. Akakaa siku tatu, kisha akafuatana na watu wa ng'ombe kurudi Biharamulo. Kila Pasaka alikuwa ananipigia simu."

Nilimtazama. Miaka saba. Nimelala na kuamka nikimhesabu mwanangu kati ya walio hai na wafu, na mdogo wangu wa tumbo moja anapokea simu zake.

"Na ulinificha."

"Alisema: mama akiuliza habari zangu, mwambie. Nikakaa nangoja uulize. Ulikuja kwenye msiba wa mjomba, hukuuliza. Ulikuja Krismasi, ukaniuliza nani kachukua sufuria la mama. Leo umesafiri kutoka Nemba kuja kuniuliza habari za wimbo."

Nikaanza kuyageuza yale maharage.

"Pasaka ya mwaka huu amesema nini?" nikauliza mwishoni.

"Mwaka huu hakupiga. Nampigia, haipatikani."

Nililia ndani ya gari kurudi, nimejifunika khanga watu wasione. Niliona aibu kwa maneno ya Deodata, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi ya aibu. Mwaka huu hakupiga. Mwaka huu huu kikundi cha Shibuda kimeanza kuimba wimbo wake. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilikuwa nayaona kila upande.

Asubuhi yake nilisimama mlangoni kwa Limi sijapiga hata mswaki. "Nakwenda kwa mtendaji wa kijiji," nikasema. "Nakwenda na mgambo. Shibuda ataeleza mwanangu yuko wapi, yuko juu ya ardhi au chini."

Limi aliinuka haraka nikajua nimegusa penyewe. "Dada, usiende kwa mgambo. Utajiaibisha. Wanalima Kabindi leo. Nitakupeleka."

"Kumbe unajua wanalima wapi."

"Ninajua," akasema, akachukua khanga yake.

Tulipanda bodaboda moja wote wawili. Limi alikaa katikati, na njia nzima hakugeuza shingo. Nilikuwa nimekificha kisu cha jikoni kwenye khanga. Usinicheke. Nilikuwa naenda kwa watu kumi na watano wenye majembe.

Tuliwakuta kwenye shamba kubwa la mteremkoni, wametupa migongo, vumbi limewafunika. Walikuwa wanauimba wimbo ule ule. Shibuda aliponiona alishusha filimbi. Ngoma zikakatika na majembe yakasimama.

"Shikamoo mama," akasema.

Sikumwitikia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, ya mgambo na ya Mungu, lakini yote yaliniishia. Nikaona njia moja tu ya kuonyesha kwamba kilichoibwa ni changu. Nikaimba. Niliimba kwa Kihangaza, polepole kama alivyoimba mama, na sauti yangu ya uzee ilikuwa mbaya, inakatika. Kuku wameingia, lala. Nikanyamaza kidogo. Mbuzi wameingia, lala.

Watu wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Mmoja tu, mwisho kabisa wa mstari, hakugeuka. Aliendelea kulima peke yake. Nilipofika kwenye kimya, jembe lake lilishuka. Nikaimba tena, nikafika kwenye kimya, likashuka tena, mahali pake hasa. Nikautazama mgongo ule. Umepanuka, umeungua na jua, lakini bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, kama la marehemu baba yake.

Nilimaliza ubeti nikiwa nimemsogelea hatua chache. Kisu kikaanguka kutoka kwenye khanga na hakuna aliyekiokota.

"Umeruka ng'ombe, mama," akasema Erasmus, bila kugeuka.

Ni kweli, nilikuwa nimeruka ng'ombe. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka saba.

Nikataka kumshika, akaegemea jembe likawa katikati yetu. Ana ndevu. Nilimuuliza mbona hakumpigia mama yake mdogo Pasaka, akasema laini yake ilifungiwa na karatasi ya namba akaipoteza. Jambo dogo hivyo, na mimi nilikuwa nimeshamzika. Shibuda akasogea, akasema kwamba Erasmus ndiye mtunzi, kwamba ameoa binti wa dada yake, na kwamba aliwaapisha wasiuimbe wimbo ule Nemba wala wasimtaje. "Mimi ndiye niliyeuimba kwako, mama," akasema. "Nilitaka kuona kama utaujua. Ukaujua. Nikamwambia, mama yako ameuliza. Akaniuliza, ameuliza habari zangu au habari za wimbo?"

Sikumwacha amalize. Nikamgeukia mwanangu.

"Umetia maneno gani?"

"Limi hakukuambia?"

"Limi ameniambia jua kali."

Limi alikuwa anatazama majani. Erasmus akakohoa, kisha akayasema kwa Kiswahili, bila kuyaimba, kama mtu anayesoma tangazo:

"Kuku wameingia, mama, hesabu. Mbuzi wameingia, mama, hesabu. Hesabu tena, hesabu tena, kuku wako wametimia. Mlango umefunga. Nje kuna mvua na mtu mmoja."

Basi ndiyo vile vidole. Biharamulo nzima ilikuwa inakunja vidole kwa ajili yangu, kwenye magulio na kwenye harusi, na mimi mwenyewe siku ya gulio niliwahi kutikisa kichwa kwa utamu wa ngoma. Mama aliufanya wa kulalia, Warundi wakaufanya wa kuagania, na mwanangu ameufanya wa kuniuliza.

"Nilipoondoka," akasema, "kuku waliacha kupotea?"

Ningeweza kusema waliacha. Hakuna shahidi. Niliona kabisa uongo huo umekaa tayari, mzuri, wa kunitosha.

"Walipotea wengine wawili," nikasema. "Wiki ya tatu niliona shimo la kicheche. Manyoya yote yalikuwa humo."

"Wiki ya tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulinidhania mwizi kwa wiki tatu. Hizo nilikuwa nimeshakusamehe, mama. Hiyo miaka mingine ilikuwa ya nini?"

Alisema bila kupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nilisema nilikuwa naona aibu. Nikamwambia twende nyumbani.

"Hapa Kabindi hakuna aliyeniita mwizi," akasema. "Uliniita mbele ya jumuiya. Hao bado wananijua hivyo." Akashika jembe. Shibuda akatazama huku na huku, kisha akapiga filimbi, na wakaendelea na kazi. Wakaimba wimbo mwingine.

Jumuiya yetu husali kila wiki, nyumba kwa nyumba, na Alhamisi ile ilikuwa zamu ya Magdalena, mwenyekiti wetu. Nilikwenda mapema nikakaa karibu na mlango ili niweze kukimbia. Tulisali rozari, tukasoma neno. Magdalena alipouliza kama kuna mwenye shida, nikasimama. Nikasema kwamba mwaka ule nilimwita mwanangu mwizi mbele yao, na kwamba mwizi alikuwa kicheche, na kwamba nilijua baada ya wiki tatu nikafukia shimo.

Nilingoja wagune. Magdalena akakunja rozari yake polepole kwenye kiganja.

"Tulijua, Mama Erasmus," akasema. "Mwaka ule kicheche alikula kuku wa kila nyumba. Kwangu alimaliza saba."

Nilitazama nyuso zile. Hakuna aliyeshangaa hata mmoja.

"Mlijua, mkanyamaza?"

"Tungekuambia nini? Ungesema sisi ndio tumemtuma huyo kicheche."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote, na mimi nilikasirika. Nilikasirika siku tatu nzima. Nilitembea Nemba nikipiga hesabu ya watu walionificha, nikakuta ni wote, na kwamba nilikuwa nimewapa wote sababu. Mtu aliyekesha miaka saba akilinda siri ambayo kila mtu anayo amekesha bure. Siku ya nne nilimwomba Limi ampelekee Erasmus habari kwamba nimesema, na waliosikia ni wangapi. Nikangoja wiki moja, nikangoja ya pili. Mvua zikaanza, nikapanda mahindi peke yangu.

Alikuja siku ya Jumatano saa saba mchana, nikiwa nimeketi kula. Aliongozana na mkewe, msichana mrefu amebeba mtoto mgongoni, wote wamelowa matope mpaka magotini. Hakuingia. Alisimama mwisho wa ua, mahali wanaposimama wauza chumvi.

"Hodi," akasema.

Neno la karibu lilinifika mdomoni nikalimeza, maana karibu ni ya mgeni. Niliyatazama yale matope, nikamtazama yule mtoto amelala shingo upande, na hasira ikanipanda, ile ya kawaida, ambayo sikuwa nimepata nafasi ya kuitumia tangu aondoke.

"Unambishia nani hodi?" nikamwambia. "Nawa mikono, ugali unapoa."

Kisha akamwambia mkewe kitu kwa Kisukuma, na wote wawili wakacheka. Sikujua amesema nini. Nikaenda kuwaletea maji.